Acheni kuniuliza kuhusu injini

"Gari gani lina mbio kuliko tornado?" Kila msimu wa tornado unapokaribia, vijana wanaotaka kwenda Oklahoma au Kansas kuwinda tufani huniuliza hilo. Karibu kila gari! Tornado nyingi huenda kama kilomita 50 kwa saa. Swali lenyewe ndilo bovu, na linaua.

Anayeuliza hivyo anawaza lami iliyonyooka inayomtoa hatarini moja kwa moja. Vijijini Oklahoma njia nyingi zimekatwa miraba ya maili moja: kaskazini-kusini, mashariki-magharibi, basi. Tornado kwa kawaida hukata mshazari kuelekea kaskazini-mashariki. Kwa hiyo unakimbia kwa kona, na kila kona ni breki. Kona ya tatu inakuingiza kwenye udongo mwekundu ambao simu imeuchora kwa mstari uleule wa lami. Mvua ya tufani hiyohiyo imeshatangulia kuulowesha. Tope linajaza kashata za tairi, tairi jipya linakuwa kipara, na injini yako yote inazungusha magurudumu palepale.

Msiniambie "mimi ni dereva mzoefu". Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, alikufa Tim Samaras, mtafiti aliyejulikana kwa kutega vipimo kwenye njia ya tornado, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Walikuwa kwenye njia ya mashambani wakielekea mashariki. Tornado ikageuka, ikaongeza mwendo, ikatanuka hadi kilomita 4.2, yaani zaidi ya miraba miwili kwa mpigo. Na mwaka 2017, karibu na Spur, Texas, wawindaji watatu walikufa bila tornado kuwagusa: magari yao mawili yaligongana njiapanda.

Ukishikilia kwenda, nenda na mwongozaji anayezijua njia hizo. Mmoja aendeshe, mwingine asome rada na ramani ya karatasi, maana mtandao hukatika. Jaza tangi asubuhi. Tufani ikielekea kaskazini-mashariki, kaa kusini-mashariki yake, kwenye lami, ukiwa na njia mbili za kutokea. Usipenye kwenye mvua nzito wala usifukuze usiku. Maji yakifunika barabara, geuza. Sentimita 30 tu hutosha kulifanya gari dogo lielee. Usijifiche chini ya daraja la juu, upepo hapo huzidi. Na lami ikiisha mbele yako, geuza gari kabla tairi la kwanza halijagusa udongo, hata kama tufani ndiyo kwanza inapendeza.