Waliozuia Mlango

Somo: Marko 2:1–12

Leo twawaomba mfungue Biblia zenu katika Injili ya Marko, mlango wa 2. Habari yenyewe mwaijua tangu Shule ya Jumapili: mtu aliyepooza, wenzake wanne waliombeba, na paa lililotobolewa huko Kapernaumu.

Mahubiri mengi juu ya habari hii huanzia juu ya paa. Sisi leo twataka kuanzia chini, mlangoni. Marko atueleza kwamba nyumba ilijaa pomoni, watu wakabanana mpaka kizingitini, huku Yesu akiwafundisha. Basi na tujiulize: ni nani aliyemzuia yule mgonjwa asimfikie Bwana? Si askari wa Kirumi, wala si wanyang'anyi wa njiani. Waliomzuia ni watu waliokuja kulisikia Neno. Huenda hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wakisikiliza kwa bidii, migongo yao ikiuelekea mlango, na yule mgonjwa alipofikishwa pale hakuna aliyesogea.

Tuliisoma habari hiyo kwa miaka mingi bila kuliona jambo hili, mpaka siku tulipomtembelea mama mmoja baada ya ibada. Mama huyu ana mwana, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 9. Mtoto ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake uliumia mapema, viungo vikakaza, hawezi kutembea wala kuketi bila kuegemezwa. Akili yake ni nzuri. Alitucheka sana tulipoimba vibaya. Kanisa halikumsahau mama huyu. Kila Krismasi akina mama walimpelekea unga, sukari na sabuni, na jina lake lilitajwa katika maombi. Nasi tulikwenda na unga. Tukaimba, tukasoma Zaburi, tukaomba, tukanywa chai yake. Tulipokuwa tukisimama kuondoka, mmoja wetu akamwuliza, kwa adabu tu, kama kuna jambo jingine.

Mama akajibu, "Ningepata mtu wa kunisaidia kumbeba mpaka barabarani."

Kwenda wapi? Akatueleza kwamba muuguzi alikuwa amemwambia ampeleke mtoto hospitali kubwa, apimwe na kuandikishwa. Lakini mtoto alikuwa amekuwa mzito, njia ni ya mteremko na matope, na wenye pikipiki ama walikataa kumchukua ama walidai nauli ya watu watatu. Tukamwuliza aliambiwa lini. Akasema ni miaka mitatu iliyopita.

Kutoka nyumba ile hadi barabara ya lami ni mwendo wa dakika 20. Kwa miaka mitatu sisi watu wa kanisa tulipanda na kushuka njia ile, wengine wetu tukiwa na magari tuliyoyaacha pale chini. Tulimletea mama unga, tukamwombea, tukarudi. Hatukumwuliza neno. Siku ile tuliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufanya tuandae mazungumzo haya.

Pengine msikilizaji atauliza, kuandikishwa kuna faida gani? Ni vizuri tueleze, kwa maana wengi hawajui, hata baadhi ya wazee wa kanisa. Katika nchi yetu ya Kenya mtu mwenye ulemavu hupimwa kwanza na madaktari katika hospitali ya serikali iliyokubaliwa kwa kazi hiyo. Madaktari hujaza fomu, nayo hufikishwa kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo humwandikisha na kumpa kadi. Kadi hiyo ni kama ufunguo. Kwayo mtu huweza kuomba kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, huweza kuomba msaada wa karo, na mwenye kazi ya mshahara huweza kuomba nafuu ya kodi. Tena kuna mpango wa serikali uitwao Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkali. Fedha hizo si nyingi. Lakini majina ya wanaostahili hupatikana huku chini, kwa chifu na wazee wa kijiji, na mtu asiyetajwa na yeyote hawezi kuandikwa. Kwa upande wa shule, vipo vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa nchi ya Denmark. Hapo mzazi huelezwa mtoto wake anafaa shule ya namna gani. Yule mama hakuwa amewahi kuvisikia.

Mwaona basi kwamba milango ipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, ya kupata elimu, ya kuweza kufika mahali pote pa watu na kupanda magari ya abiria, na ya kutumia Lugha ya Ishara au maandishi ya breli. Mwaka 2025 ikapatikana sheria mpya mahali pa ile ya mwaka 2003. Kinachokosekana mara nyingi ni watu wa kusindikiza, kupanga foleni, kurudi tena ofisini wanapoambiwa waje Jumatatu, na kuuliza kwa upole lakini bila kuchoka. Wale wanne wa Kapernaumu hawakuwa matabibu. Kazi yao ilikuwa kumfikisha.

Katiba hiyo hiyo yasema pia kwamba mtu mwenye ulemavu asiitwe kwa jina la kumdhalilisha. Hapo twapaswa kunyamaza kidogo, maana lugha yetu ina historia yake. Tazameni jinsi kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yalivyo maneno ya kundi moja na kiti na kikombe. Ni kweli kwamba twasema "kipofu amekuja", si "kimekuja", kwa hiyo sarufi yenyewe ilijua kwamba huyu ni mtu. Lakini katika redio na magazeti ya kanisa ya miaka ya nyuma tulisema "vilema" bila kufikiri. Mwaka 1980 Kenya iliadhimisha mwaka wa kitaifa kwa ajili yao, na mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ukaadhimisha wa dunia nzima, na hata wakati ule maneno yetu yalikuwa hayo hayo. Siku hizi twasema "mtu mwenye ulemavu", tukianza na mtu. Jambo dogo, lakini mwulizeni mtu aliyeitwa "kile kiwete" miaka 40.

Hatusemi kwamba makanisa hayakufanya kitu. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu ya Thika mwaka 1946, wakati ambapo wengi hawakudhani kwamba asiyeona aweza kusoma, na mwaka 1962 wakaanza Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Kazi hizo zilifungua macho ya nchi. Ila zilituletea na kishawishi kimoja. Tulianza kudhani kwamba mambo ya watu hawa ni ya Thika, ni ya wamishenari, ni ya shule ya bweni, na kwamba sisi wa kijijini wajibu wetu ni sadaka ya mara moja kwa mwaka. Mtoto akapelekwa mbali, na alipomaliza masomo na kurudi nyumbani, alikuta kanisa lenye ngazi saba za mawe.

Hebu sasa tupande juu ya paa. Nyumba za Palestina zilikuwa na paa la kulala: boriti, juu yake matawi au matete, na juu yake udongo ulioshindiliwa. Kulitoboa si sawa na kufungua dirisha. Udongo uliwaangukia wasikilizaji kichwani, mahubiri yakakatizwa, na mwenye nyumba, ambaye Marko hamtaji, bila shaka alihesabu gharama. Kumbukeni kwamba Yesu hakuwakemea wale wanne. Aliitazama imani yao, asema Marko. Na imani hiyo ilionekana kwa tundu la paa.

Twasema hivi kwa sababu kila linapotajwa jambo hili katika vikao vyetu, jibu huwa ni gharama na usumbufu. Tumefanya harambee ya vigae, ya vipaza sauti, ya viti vya wageni wa heshima. Mteremko wa saruji mlangoni twauacha mpaka fedha zitakapobaki, nazo hazibaki. Na hata ujengwapo, mara nyingine hujengwa mkali kama wa kupandishia magunia, mtu wa kiti cha magurudumu akianguka nyuma. Mafundi wanajua kipimo: ngazi zikiinuka futi 1, mteremko uwe na urefu wa futi 12. Choo nacho kina mlango usiopitisha kiti. Kwa hiyo mtu huyo hukaa nyumbani Jumapili, si kwa kupenda, ila kwa kuogopa kushikwa na haja katikati ya ibada. Na kiziwi aliyeketi nyuma miaka yote, ni nani kati yetu amejifunza hata kumsalimu kwa ishara?

Wengine hukaa nyumbani kwa sababu nyingine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu katika Kenya, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Sisi tunaotembea mitaani twaamini kwamba wako wengi zaidi waliofichwa, maana bado ziko jamaa zinazoambiwa kwamba mtoto huyu ni laana au ni dhambi ya mama. Wanafunzi nao walimwuliza Bwana swali hilo hilo katika Yohana, mlango wa 9, naye akalikataa kabisa. Mchungaji anayelirudisha swali hilo kwa hila, akisema mama angekuwa na imani ya kutosha mtoto angepona, amesimama mlangoni pamoja na wale wengine.

Tuseme wazi, twaamini kwamba Bwana huponya. Lakini ndugu mmoja wa kiti cha magurudumu alitwambia kwamba katika kila mkutano wa injili watu asiowajua humwekea mikono kichwani, na hakuna aliyemwuliza jina lake. Tazameni alivyofanya Yesu na Bartimayo kule Yeriko. Watu walimnyamazisha yule asiyeona. Yesu alimwita, kisha, ingawa haja yake ilionekana wazi, akamwuliza ataka nini. Kitabu cha Mithali chatuagiza tuwasemee wasioweza kusema. Haituruhusu kumsemea mwenye kinywa chake. Watu wenye ulemavu wana vyama vyao, nao waliviunganisha katika umoja wa kitaifa tangu mwaka 1989. Baraza la kanisa linapozungumza juu yao, na liwe na wao ndani yake, kama wazee na mashemasi, wakipiga kura.

Wala tusifikiri kwamba kubeba ni kwa upande mmoja. Mkenya mwenzetu Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona, alishindana katika mbio za mita 5,000 kwenye michezo ya walemavu ya Sydney mwaka 2000. Karibu na mwisho, mwelekezi wake mwenye macho, ambaye alikuwa mgonjwa, aliishiwa nguvu. Wanyoike akamvuta mpaka wakavuka mstari, akapata dhahabu.

Turudi kwa yule mama. Juma lililofuata walipatikana watu wanne: kijana mmoja mwenye pikipiki, mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua, binti wa kwaya, na mzee mmoja wa kanisa ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujulikana na chifu. Mwenye gari hakujitokeza. Safari ya kwanza hospitalini walirudi bure, kwa kuwa daktari hakuwapo. Ya pili vilevile. Ya tatu mtoto alipimwa. Kadi ilichukua miezi kadhaa, na mwalimu aliandika barua nne. Kiti kilipofika kilikuwa kikubwa kuliko mtoto, fundi wa kijijini akakipunguza kwa mbao na godoro la zamani. Sasa kijana huyo yumo katika darasa maalum la shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, na mwalimu wake asema ni mwepesi wa hesabu, mzito wa kunyamaza.

Njia yenyewe bado ni ile ile. Kiti hakipiti matopeni, kwa hiyo wakati wa mvua hubebwa na watu, na vijana wa kanisa wamejiandikia zamu. Juma lililopita mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya pili mwenye zamu hakufika, wala hakutuma neno. Mama alimbeba mgongoni, kijana wa miaka 12, mpaka barabarani.

Tutazungumza tena juma lijalo, Mungu akipenda.