Djenné: Mji wa Udongo Unaokandikwa Kila Mwaka

Wengi wetu tumesikia maneno haya: nyumba ya udongo ni ya masika mawili matatu, basi, imekwisha. Lakini huko nchini Mali, Afrika ya Magharibi, uko mji wa mtoni uliojengwa kwa udongo, nao umesimama karne nyingi. Unaitwa Djenné. Jina hilo tamka "Jene". Hebu twende pamoja tukautazame, tujue siri yake ni nini.

MTO NDIO ULIOUJENGA

Kutoka Bamako, mji mkuu wa Mali, msafiri hushika barabara iendayo Mopti. Baadaye huiacha barabara kuu, akavuka mto Bani kwa pantoni. Bani ni mto unaomwaga maji yake katika mto mkubwa wa Niger. Baada ya mvua mito hii hufurika, bonde zima likawa maji matupu, na Djenné ikabaki kama kisiwa. Ndiyo sababu wazee waliujenga juu ya miinuko.

Mto huo huo uliuletea mji utajiri. Dhahabu ilitoka kusini, chumvi ilitoka jangwa la Sahara, na mitumbwi ilipakia mizigo kati ya Djenné na Timbuktu. Mpaka leo soko kubwa ni siku ya Jumatatu, mbele ya msikiti.

Kilometa 3 hivi kutoka hapo pana mahame yanayoitwa Djenné-Djeno. Mwaka 1977 wataalamu walichimba pale wakakuta kwamba watu walikaa tangu miaka kama 250 kabla ya Kristo. Basi tusidanganyike kwamba miji ililetwa Afrika na wageni.

NYUMBA ZINAJENGWAJE?

Mji una nyumba za jadi zinazokaribia 2,000, nyingi zina ghorofa. Zamani mafundi walitumia matofali ya mviringo, yaliyofinyangwa kwa mkono. Siku hizi hutumia ya pembe nne, yanayokaushwa juani bila kuchomwa.

Jengo kubwa kuliko yote ni Msikiti Mkuu. Huu tunaouona sasa ulimalizika mwaka 1907, chini ya Ismaila Traoré, mkuu wa chama cha mafundi waashi wa Djenné. Una minara mitatu, na juu ya ncha zake wameweka mayai ya mbuni.

Tutazame mambo matatu katika jengo hili.

Kwanza, limejengwa juu ya jukwaa lililoinuka. Maji ya mafuriko hayafiki kwenye kuta.

Pili, juu ya paa kuna mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyochomoza nje. Maji ya mvua hutoka kwa hayo, yakaangukia mbali na ukuta.

Tatu, kuta zimechomekwa vijiti vingi vya mti wa mvumo. Mgeni hudhani ni pambo tu. Kumbe ni ngazi! Mafundi hukanyaga hapo wanapopanda kukandika.

SIKU YA KUKANDIKA

Na hapa ndipo penye siri yenyewe. Kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, mji mzima huukandika msikiti upya. Vijana huchota udongo wa mtoni na kuuchanganya na pumba za mpunga. Tope hilo huachwa shimoni siku nyingi mpaka liive, yaani linate vizuri. Watoto hucheza humo na kulikoroga kwa miguu, na hiyo nayo ni kazi!

Siku ikifika, vijana hukimbia na makapu ya tope, kila mtaa ukitaka kuwa wa kwanza. Wanawake na wasichana hubeba maji. Mafundi husimamia, na wazee wamekaa mahali pa heshima wanatazama. Ni kazi, na ni sikukuu pia.

Wakiacha, je? Mvua haina huruma. Mwezi Novemba 2009 ilinyesha milimita 75 katika siku moja, na sehemu ya juu ya mnara mmoja ikaporomoka. Ilibidi ujengwe tena.

MATATIZO HAYAKOSI

Mwaka 1988 shirika la UNESCO liliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo ina masharti: mwenye nyumba asibadilishe sura ya jengo la zamani. Sasa mtu ana familia kubwa na vyumba vidogo, afanyeje? Kukandika kila mara ni gharama, na pumba nazo zinanunuliwa. Wengine wamefunika kuta zao kwa vigae vya kuchoma ili wapumzike. Wataalamu wanasikitika, lakini mwenye nyumba naye ana haki ya kukaa vizuri.

Tena kuna vita. Vilianza kaskazini mwa Mali mwaka 2012, kisha vikafika na katikati ya nchi. Wageni wakaacha kuja, na waliotegemea wageni wakakosa riziki. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka mji katika orodha ya urithi ulio hatarini.

TUNAJIFUNZA NINI?

Udongo wa Djenné si wa miujiza. Nyumba zao zinadumu kwa sababu ya msingi ulioinuka, paa linalotupa maji mbali, na mkandiko unaorudiwa kabla ya mvua. Hayo yote yamo katika uwezo wa kijiji chochote. La nne ndilo gumu zaidi: watu kukubaliana kufanya kazi pamoja kila mwaka bila kuchoka. Siku wakiliacha hilo, orodha ya urithi haitazuia mvua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji ya mvua yanayotoka juu ya paa lako huangukia wapi?
2. Katika kijiji chenu, ni jengo gani la zamani linalostahili kutunzwa? Nani alitunze, na kwa gharama ya nani?
3. Je, ni haki kumzuia mtu asibadilishe nyumba yake kwa sababu ni ya kihistoria?