Waziri wa michezo anavyokabwa Dodoma, na anavyochomoka

SAA 3:00 asubuhi ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma. Dua imesomwa, hati zimewasilishwa mezani, sasa ni zamu ya maswali. Mbunge anasimama, anataja namba ya swali lake, anaomba lijibiwe, anakaa.

Naibu waziri anasogea kwenye kipaza sauti na karatasi yake mkononi. “Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo.” Dakika mbili hazijaisha, habari ya uwanja wa wilaya nzima imeshamalizika. Serikali inatambua umuhimu wa michezo. Halmashauri zinaelekezwa kutenga maeneo. Fedha zitatolewa kadiri zitakavyopatikana.

Shabiki aliyezoea soka analijua jibu la namna hiyo. Ni beki kabanwa, anabutua mpira jukwaani apate kupumua. Hajafungwa, lakini hata timu yake haijasogea hatua moja.

Na maswali yenyewe hayakauki. Kila Bunge linapokutana, mtu ataulizia uwanja wa mkoa wake, mwingine nyasi, mwingine walimu wa michezo shuleni, mwingine atataka kujua pesa za kubeti zinaishia wapi. Kwa nini baadhi ya maswali hayo huzaa kitu, na mengine huulizwa bunge baada ya bunge kama wimbo wa zamani?

Nyongeza ndiyo yenye bao

Kwanza, haki ya kuuliza si hisani ya waziri. Iko kwenye Katiba, ibara ya 63(3)(a), inayolipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake.

Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi. Wizara inalipata, wataalamu wanakaa, jibu linaandikwa na kusafishwa. Hapo waziri yuko nyumbani, uwanja wake, mashabiki wake. Ni nadra sana kumfunga kwenye swali la msingi.

Kivumbi kiko kwenye swali la nyongeza. Mwenye swali hupewa nafasi ya kuuliza mawili, na wabunge wengine huchomekea yao Spika akiwaona. Hapo karatasi haisaidii sana, waziri anatakiwa awe anayajua mambo yake kichwani.

Bahati mbaya ni hapohapo wengi wanapopoteza mpira. Mbunge anaanza kwa kushukuru kwa “majibu mazuri”, anahutubia, anawasalimia wapiga kura wake, anasifu timu anayoishabikia, kisha anauliza, “Je, ni lini Serikali itajenga uwanja wa kisasa jimboni kwangu?” Swali pana kama hilo waziri analipokea kifuani, analituliza, anapiga pasi nyuma: Mheshimiwa awe na subira.

Alhamisi kuna mechi nyingine. Ni maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa, bila kumpelekea swali mapema. Utaratibu huo ulianza mwaka 2008, Spika akiwa Samuel Sitta. Sharti lake ni kwamba swali liwe la kisera. Ukisimama kuulizia goli lililong’oka kwenye kiwanja cha kata yako, unarudishwa kiti chako.

Danadana ya milango mitatu

Shida nyingine ni kujua nani hasa wa kukabwa. Mtu wa kawaida anadhani kila kitu chenye mpira ni cha waziri wa michezo. Kumbe sivyo.

Uwanja wa Benjamin Mkapa na ule wa Uhuru, Dar es Salaam, ni vya Serikali, hivyo waziri wa michezo hana pa kukwepea. Kiwanja cha shule ya msingi au sekondari ya kata ni habari ya Tamisemi, kwa sababu shule hizo ziko chini ya halmashauri. Kaitaba pale Bukoba ni wa manispaa. Na kama eneo la wazi walilokuwa wakichezea watoto limemegwa na mtu akasimamisha ghorofa, hapo inaingia Wizara ya Ardhi.

Zanzibar ni mlango mwingine kabisa. Michezo haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Anayetaka kuhoji Uwanja wa Amaan anapaswa kumsubiri waziri wa kule mbele ya Baraza la Wawakilishi, si Dodoma.

Mbunge asiyejipanga anapigwa danadana kirahisi. Anamuuliza waziri wa michezo kuhusu kiwanja cha shule, anaambiwa suala hilo linaratibiwa na Tamisemi. Mkutano unaofuata anawauliza Tamisemi, anaambiwa Serikali inafanya mawasiliano na wizara ya kisekta. Mwaka umekwisha, na watoto wa kijijini kwake bado wanachezea barabarani.

Viwanja vya chama

Hakuna swali la michezo lililopigwa danadana nyingi kama la viwanja vinavyomilikiwa na Chama Cha Mapinduzi. CCM Kirumba pale Mwanza, Sokoine Mbeya, Jamhuri Morogoro, Majimaji Songea, Sheikh Amri Abeid Arusha, Ali Hassan Mwinyi Tabora, orodha ni ndefu.

Hoja ya wanaohoji inajulikana. Viwanja vingi kati ya hivyo ni vya enzi za chama kimoja, wakati michango na nguvu kazi ya wananchi wote vilikwenda kwenye kapu moja, kwa hiyo mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 vilipaswa kubaki vya umma. Hoja ya upande wa pili nayo iko wazi: kisheria viwanja ni mali ya chama, na Serikali haiwezi kujichukulia mali ya mwenzake. Inachoweza ni kumhimiza mmiliki akarabati, au kukubaliana naye kwanza kabla ya kuweka fedha za umma.

Ubishi huo umegota hapo miaka na miaka. Ajabu ni kwamba wakati wakubwa wanabishana hati ni ya nani, anayeumia ni winga anayekimbia kwenye mashimo ya Ligi Kuu, na klabu ya mkoani inayolipia uwanja isioweza kuuboresha kwa sababu si wake.

Hapa ndipo swali lingeweza kubadilishwa. Ukiuliza ‘lini mtavirudisha viwanja’, jibu liko tayari miaka yote. Ukiuliza ni kiasi gani cha fedha za umma kimewekwa kwenye kila uwanja wa chama, kwa mkataba upi, na umma umepata haki gani baada ya hapo, waziri analazimika kuja na takwimu.

Pesa ilivyopatikana

Wanaosema Bunge halijawahi kuisaidia michezo nao wanakosea. Ukitazama mahali palipopatikana kitu cha kushika, utakuta hoja ilihusu kodi au mfuko maalumu.

Chukua nyasi bandia. Kwa miaka, kilio ndani na nje ya Bunge kilikuwa kwamba nyasi hizo zinatozwa kodi kama zulia la sebuleni. Hata Simba, kwa ukubwa wake wote, iliwahi kukwama na nyasi zake bandarini kabla uwanja wake wa Bunju haujakaa sawa. Juni 2021, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alisimama na bajeti ya 2021/22 akapendekeza nyasi bandia za viwanja vya mpira zisamehewe kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuanzia na viwanja vya majiji.

Bajeti hiyohiyo ilikuja na jambo jingine. Asilimia 5 ya mapato ya kodi inayotokana na kubeti michezo ilielekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Yaani kijana anayechana mkeka wake jioni, sehemu ya kodi yake inatakiwa irudi uwanjani.

Mambo hayo mawili hayakuletwa na swali moja la mbunge mmoja. Lakini yana sifa ambayo swali la “uwanja wa kisasa” halina. Kodi ina jina, ina kiwango, na ina waziri mmoja wa kuishika. Na ikishaingia kwenye sheria ya fedha, mwakani unaweza kusimama tena na kuuliza: asilimia 5 hiyo imekuwa shilingi ngapi, na imekwenda wapi?

Shilingi ya waziri

Mbunge aliyechoka kuzungushwa ana silaha moja kubwa, nayo hutolewa wakati wa bajeti. Wizara inapowasilisha makadirio yake na Bunge kukaa kama Kamati ya Matumizi, kifungu cha mshahara wa waziri kikiitwa, mbunge anaweza kusimama, akataka ufafanuzi wa kisera, na asiporidhika akatangaza kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo.

Shilingi moja haimfilisi mtu. Ila ikishashikwa, hoja inafunguliwa, wenzake wanasimama kuunga mkono, na waziri hana tena ruhusa ya kusema “tutalifanyia kazi” akakaa. Mara nyingi mambo huisha kwa waziri kutoa ahadi na mbunge kurudisha shilingi. Cha muhimu ni kwamba ahadi hiyo inabaki kwenye Hansard, na mtu yeyote anaweza kuichomoa mwaka unaofuata.

Kitu kimoja ambacho waziri hana uwezo nacho ni kuamua mambo ya ndani ya TFF. Wapo wabunge wanaochemka na kumtaka avunje uongozi wa soka kesho asubuhi. Majirani walishalipia somo hilo. Novemba 2021, Waziri wa Michezo wa Kenya, Amina Mohamed, aliuvunja uongozi wa FKF na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 Fifa ikaifungia Kenya, Harambee Stars ikatupwa nje ya mbio za kufuzu Afcon 2023, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba mwaka huo.

Kwa hiyo waziri anaposema suala fulani liachwe kwa TFF, si kila mara anakimbia. Ila akisema hivyo kuhusu uwanja wa Serikali, hapo anakimbia.

Bili ya majibu mepesi

Aprili 30, 2023, taa za Uwanja wa Mkapa zilizimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi ikasimama, Afrika nzima inaangalia. Machi 2025, Caf ikaufungia uwanja huohuo kwa muda kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea.

Mei 25, 2025 ndiyo iliyouma zaidi. Simba ilikuwa na fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, imetoka kufungwa 2-0 ugenini na inahitaji kila kelele ya nyumbani. Badala ya kujaza watu 60,000 Kwa Mkapa, mechi ilipelekwa Amaan, Zanzibar, kwenye uwanja mdogo zaidi. Ikaisha 1-1, na kombe likaenda Morocco.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba Kwa Mkapa matokeo yangekuwa tofauti. Lakini uwanja uliofunguliwa mwaka 2007 hauharibiki siku moja. Kati ya mwaka huo na 2025 zilipita bajeti nyingi, maswali mengi na mawaziri wengi, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuulizwa ratiba ya matengenezo iko wapi na fedha yake imetengwa kwenye kifungu gani.

Sasa mbele kuna Afcon 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja Septemba 2023. Uwanja mpya wa Arusha wa watazamaji 30,000 umebeba matumaini makubwa. Wageni wakishaondoka, nani ataukata nyasi, na kwa pesa ya nani? Hilo ni swali la kuulizwa mapema, kabla taa hazijazimika tena.

Swali la kwenda nalo

Bunge halijawahi kukosa watu wa mpira. Ismail Aden Rage alikuwa mbunge wa Tabora Mjini huku akiwa mwenyekiti wa Simba. Mohammed Dewji alikaa bungeni miaka 10 akiiwakilisha Singida Mjini. Juma Nkamia alitoka kutangaza mpira akafika kuwa naibu waziri mwenye dhamana ya michezo. Mapenzi ya mchezo yapo, na siku ya dabi hata bungeni hakuna asiyejua nani kavaa jezi gani ndani ya suti.

Kinachopungua ni maandalizi. Na hapo mwananchi ana kazi yake. Viongozi wa klabu ya wilaya wakimfuata mbunge wao, wasimwombe jezi na mipira miwili tu. Wampe swali lililokamilika: kiwanja fulani, mmiliki fulani, kiasi fulani kilichoahidiwa, mwaka fulani. Wamwambie na la nyongeza, endapo waziri atabutua.

Kisha waisome Hansard, iko kwenye tovuti ya Bunge. Wakikuta mbunge wao amesimama, ametoa shukrani kwa majibu mazuri na kukaa, wanajua cha kumuuliza akirudi jimboni.