Siku mbili Nchelenge, kabla hujavuka
Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

UKIMUULIZA mfanyabiashara wa dagaa habari za Nchelenge, atakutajia bei ya gunia, saa ya basi la Mansa na hali ya mawimbi. Ziwa lenyewe kwake ni barabara tu. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimepita hapa mara kadhaa, nikalala juu ya mizigo na kuondoka alfajiri bila hata kugeuza shingo. Safari hii upepo ulichafuka, boti ikaahirishwa hadi Jumatatu, nikabaki na Jumamosi na Jumapili nzima bila kazi.

Ziwa Mweru lina urefu wa kilometa zipatazo 130 na limegawanywa kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini. Kaskazini, mjini Pweto, maji hutoka kwa jina la Luvua na kwenda kuungana na Lualaba, ambao ndio Mto Kongo. David Livingstone alilifikia ziwa hili Novemba 8, 1867 akidhani huenda maji haya ni ya Nile. Alifariki mwaka 1873 akiwa bado anakitafuta chanzo cha mto huo.

Jumamosi nilianzia soko la Kashikishi, kabla jua halijawa kali. Chisense, dagaa wa ziwa hili, huanikwa hadi wakang'aa kama sarafu mpya, na harufu yake utaondoka nayo upende usipende. Anayekuja kununua akumbuke kwamba Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Wako waliokuja Januari na mitaji mifukoni wakarudi na nauli tu.

Kutoka hapo nilipanda gari kuelekea kusini hadi Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Kila mwaka, wikiendi ya mwisho ya Julai, hapa huchezwa Mutomboko, ngoma ya ushindi ambayo Mwata mwenyewe huicheza mbele ya watu wake. Usipoikuta ngoma, bado mahali penyewe pana habari. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798 akitokea Tete kwenye Mto Zambezi, akafia huku huku. Baadaye misafara kutoka pwani ya mashariki ilileta nguo na shanga, ikaondoka na pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa.

Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara aitwaye Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Mwaka huo huo Tippu Tip alikuwa amempiga chifu Nsama katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa hiyo, ndugu msomaji unayelalamika kwamba umekaa siku tatu mpakani ukisubiri muhuri, fahamu kwamba wako waliokutangulia, tena walisubiri zaidi.

Jirani na hapo ni Mbereshi, misheni iliyoanzishwa na wamisionari wa London mwaka 1900, yenye kanisa kubwa la matofali. Ukishika njia ya Kawambwa utafika maporomoko ya Ntumbachushi, katika Mto Ng'ona. Mwenye gari na siku ya ziada aende mpaka Lumangwe, katika Mto Kalungwishi. Pale mto mzima huanguka kwa pamoja kama pazia, na ukungu wake hukulowesha kabla hujakaribia. Mimi sikuwa na gari, nikarudi Nchelenge jioni.

Jumapili nilishinda ufukweni. Wenyeji walinionya nisiingie majini ovyo kwa sababu ya kichocho na mamba. Chandarua nacho ni lazima, maana wilaya hii inasumbuliwa sana na malaria.

Wapo wasomaji wetu wasiohitaji kuelezwa ziwa hili. Walilivuka wakikimbia Pweto ilipoanguka Desemba 2000, au Oktoba 2004 wakati raia zaidi ya 70 walipouawa mjini Kilwa, ng'ambo. Wengi walilelewa kambi ya Kala, wilayani Kawambwa, wakarudishwa makwao kati ya mwaka 2007 na 2010. Mwaka 2017 wengine walikimbilia huku tena, na mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yakafunguliwa hapa hapa Nchelenge.

Jioni hiyo nilimkuta mama mmoja ameketi mchangani na binti yake. Alivuka akiwa mdogo, usiku, akiwa amefunikwa turubai. Sasa husafirisha mafuta ya mawese na vitenge, na alikuwa amekwama kwa upepo kama mimi. Alinieleza kuwa siku zote alikuwa akilijua ziwa kwa sauti yake tu. Jua lilipotua upande wa Kongo, maji yakageuka rangi ya shaba na milima ikajitokeza, alinyamaza. Binti alianza kuhesabu taa za wavuvi. Alipofika arobaini mama alimwambia anarudia zile zile, wakaanza upya, wote wawili.

Alfajiri ya Jumatatu upepo ulitulia. Nilichukua nafasi ya ukingoni mwa boti. Mizigo nilimwachia mwingine ailalie.