Kimelea, mwenyeji na mwenezi: maneno ya kujua kabla ng'ombe hajaugua

 

Tunapotembelea vikundi vya Mathira, Tetu na Kieni, kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa: "Ng'ombe wangu hatoki bomani. Namkatia majani, namletea maji, hakanyagi barabara. Sasa ndigana imempata vipi?" Mara ya mwisho aliyeuliza ni mama mmoja ambaye ng'ombe wake wa gredi alikuwa amekufa akiwa na mimba. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kwamba ndama wa kwanza wa kike apewe mwanachama anayefuata kwenye orodha. Kwa hivyo zilizopata hasara ni nyumba mbili. Na maneno hayakukosa: watu walianza kunong'ona ati jirani alitia sumu kwenye majani.

Hakuna aliyetia sumu. Jibu liko ndani ya maneno machache ambayo daktari wa mifugo huyatumia kila siku. Hebu tuyapitie pamoja, polepole.

KIMELEA NA MWENYEJI

Kimelea ni kiumbe anayeishi juu ya mwili wa mwingine au ndani yake, akipata chakula chake hapo na kumdhuru mwenye mwili. Yule anayeishiwa tunamwita mwenyeji. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kimelea ni mgeni asiyeshika jembe hata siku moja. Anakula tu.

Vimelea ni vya aina mbili. Vimelea vya nje hukaa kwenye ngozi: kupe, chawa, viroboto. Vimelea vya ndani hukaa tumboni, kwenye ini, mapafu au damu: minyoo, na vile vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ni muhimu kujua tofauti hii unapoingia duka la dawa za mifugo. Dawa ya kunyunyizia kupe haiui minyoo ya tumbo, na dawa nyingi za minyoo za kunywesha haziui kupe.

MWENEZI

Mwenezi ni yule anayebeba kimelea kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Hapa ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Kupe ni kimelea mwenyewe kwa sababu ananyonya damu. Lakini pia ni mwenezi, maana ndani yake anaweza kuwa amebeba kimelea kingine kidogo kabisa. Kile cha ndigana kali huitwa Theileria parva, na anayekibeba hasa ni kupe wa kahawia anayependa masikio.

Kupe huyu ana wenyeji watatu maishani mwake. Mayai huanguliwa chini kwenye nyasi. Kupe mchanga mwenye miguu sita hupanda mnyama wa kwanza, hunyonya, kisha huanguka na kujigeuza. Akiwa sasa na miguu minane hupanda mnyama wa pili, hunyonya, huanguka na kujigeuza tena. Akishakuwa kupe mzima hupanda mnyama wa tatu. Jike akishiba huanguka, hutaga maelfu ya mayai na kufa.

Kupe aliyetoka kwenye yai hana ndigana. Huipata anaponyonya mnyama mwenye kimelea hicho, na kuipitisha kwa mwenyeji anayefuata baada ya kujigeuza. Kati ya mwenyeji mmoja na mwingine yuko chini kwenye nyasi, na anaweza kungoja hapo miezi mingi bila kula.

Sasa rudini kwa yule mama. Ng'ombe wake hakutoka, ni kweli. Lakini majani yalitoka wapi? Wakati wa kiangazi aliyakata kando ya barabara, pale ng'ombe wa watu wengi wanapopita. Alimfungia ng'ombe mlango, halafu akaingiza kupe kwa mzigo wa majani. Si kosa la uzembe. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

HIFADHI NA MBEBAJI

Neno jingine ni hifadhi: mnyama anayekaa na kimelea bila kuugua sana, kimelea kikawa kama kimewekwa benki. Kwa ndigana kali, hifadhi kubwa ni nyati. Sisi tunaopakana na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua tunawajua nyati hao. Anayelisha mifugo ukingoni mwa msitu ajue kwamba kupe wa huko wanaweza kuwa wamenyonya nyati.

Ng'ombe aliyepona ndigana pia anaweza kubaki mbebaji. Anaonekana mzima, anatoa maziwa, lakini kupe wakimnyonya wanaweza kuichukua ndigana na kuipeleka kwa jirani. Ndiyo maana haifai kusema, "Wangu alishapona, sina haja ya dawa."

MWENYEJI WA KATI NA MWENYEJI WA MWISHO

Vimelea vingine vinahitaji nyumba mbili. Mwenyeji wa mwisho ni yule ambaye ndani yake kimelea kinakomaa na kuzaa. Mwenyeji wa kati ni yule kinayekua ndani yake kwa muda tu, kabla ya kukomaa.

Chukueni mnyoo bapa wa ini. Mnyoo mzima hukaa kwenye ini la ng'ombe au kondoo. Mayai hutoka na kinyesi, na yakifika majini huanguliwa. Kiumbe mchanga huingia ndani ya konokono, huyo ndiye mwenyeji wa kati, na humo huongezeka. Wakitoka hujishikiza kwenye majani ya mahali penye majimaji. Ng'ombe akila majani hayo, mzunguko unaanza upya. Kwa hivyo majani mabichi ya bondeni kando ya mto yana hatari yake.

Na tegu wa ng'ombe je? Hapa mambo yanageuka. Mwenyeji wa kati ni ng'ombe, na mwenyeji wa mwisho ni mimi na wewe. Mtu mwenye tegu akienda haja kichakani, mayai hubaki kwenye nyasi. Ng'ombe akiyala, hupata malengelenge madogo ndani ya nyama. Tukila nyama hiyo bila kuiva vizuri, tegu hukua matumboni mwetu na kufika urefu wa mita kadhaa. Choo cha shimo, kumbe, ni dawa ya ng'ombe pia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Ukijua mzunguko, unajua pa kuukata.

1. Nyunyizieni dawa ya kupe kwa ratiba mliyopewa na daktari wa mifugo, bila kuruka. Kupe akianza kunyonya, kwa kawaida huchukua siku chache kabla ya kupitisha ndigana. Akiuawa mapema hajaharibu kitu. Hakikisheni dawa imeingia masikioni.

2. Changanyeni dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa iliyoongezwa maji kupita kiasi huwafundisha kupe kuizoea.

3. Msikate majani njiani wala mahali mifugo ya wengi inapolisha. Pandeni nepia yenu. Majani ya majimaji yakaushwe vizuri kwanza.

4. Mkiona tezi imevimba chini ya sikio na ng'ombe ana homa, msingoje aache kula na kupumua kwa shida. Dawa ya kutibu ndigana ipo, lakini husaidia zaidi ikitolewa mapema.

5. Ulizeni kuhusu chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kiambu, miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue, naye hujenga kinga. Haimkingi vizuri daima dhidi ya ndigana itokayo kwa nyati, na haizuii magonjwa mengine ya kupe, kwa hivyo kunyunyizia kunaendelea. Chanjo huhifadhiwa kwenye baridi kali sana, na ikishafunguliwa inafaa itumike kwa saa chache. Mtu mmoja mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuimaliza. Watu ishirini wanaweza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dipu nyingi za serikali ziliachiwa wananchi, na nyingi zikakauka. Tangu hapo kila mtu na bomba lake. Lakini kupe hajui mpaka wa shamba. Jirani asiponyunyizia, wewe unalea kupe wake.

Yule mama alisikiliza maelezo haya mbele ya kikundi, na jirani yake alikuwa ameketi hapo hapo. Walipomaliza mkutano waliondoka pamoja, wakizungumza juu ya kununua bomba moja la kutumia wote wawili. Ng'ombe hakurudi, lakini ujirani ulirudi.

Someni makala hii kwa sauti kwenye mkutano wenu ujao, kisha mwulizane: kwetu sisi, mzunguko tunaukata wapi?