Gari la Mayatima na Joto la Oili

Hapa kwetu pwani gari la harusi halitakiwi mbio, latakiwa subira. Hutembea nyuma ya matarumbeta kwa mwendo wa mtu mzima aliyevaa joho, husimama kila penye vigelegele, na injini huunguruma muda mrefu pasipo upepo wa kuipoza. Hapo ndipo taa nyekundu ya oili inapoanza kukonyeza, na dereva akatokwa na jasho ambalo si la jua peke yake.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha gari moja tu, Datsun 1600. Ni ya ukoo ule ule wa Datsun 1600 SSS iliyowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1970. Baada ya matanga gari lilibaki kwa warithi, na wengi wao ni watoto. Wakubwa wakashauriana likodishwe kwa maharusi, na kodi yake iwe karo na chakula. Uendeshaji nikakabidhiwa mimi.

Taa ilipoanza kukonyeza nilikwenda kwa mama mdogo, mjane wa ami, kumweleza kwamba huenda fedha zikahitajika. Alininyamazia kitambo, kisha akasema:

"Mwanangu, hii si mali yangu wala si yako. Ni ya hawa wadogo. Usiitie katika majaribio."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniongoza katika kazi nzima ninayotaka kumsimulia msomaji. Kufunga rejeta ya oili na kulihamisha chujio ni jambo ambalo vijana wengi hulitamani, lakini si wote wanaojua kwa nini.

KAZI MBILI ZA OILI

Oili ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu aijua: hulainisha vyuma visisagane. Ya pili husahauliwa, nayo ni kubeba joto. Maji ya rejeta hupoza kichwa cha injini na kuta za silinda, lakini hayafiki kwenye beringi za krenki. Huko hufika oili peke yake.

Oili ikipata joto la kadiri, baina ya nyuzi 80 na 110 za Selsiasi, hufanya kazi yake vyema. Ikipita 120 na kudumu hapo, huwa nyepesi mno, huchakaa upesi na kugeuka tope jeusi. Basi fikiri: gari limetoka safari ya mbali, oili imekuwa nyepesi, kisha laingia mjini kufuata matarumbeta. Injini sasa yazunguka polepole, na pampu ya oili nayo vivyo hivyo. Pampu iliyolegea inasukuma oili iliyokuwa nyepesi. Nguvu yake hushuka, na taa huwaka.

PIMA KWANZA

Muuza spea mmoja alinambia injini imekwisha, ninunue nyingine. Wa pili akanionyesha rejeta ya oili inayong'aa kama sinia la harusi, akasema nikiifunga tu taa itazimika. Fundi wangu wa Majengo, mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa, alizikataa kauli zote mbili.

"Kijana wangu," alisema, "mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Taa ile yajua maneno mawili tu, ndiyo na la. Sisi twataka hesabu."

Alifunga geji mbili, moja ya nguvu ya oili na moja ya joto lake. Kisha, kabla hajasema lolote juu ya kununua, akaanza na yale yasiyo na gharama. Mapezi ya rejeta ya maji yalikuwa yamejaa vumbi na wadudu, akayasafisha. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, akaukaza. Moto wa plagi ulikuwa ukichelewa, na moto unaochelewa huzidisha joto, akaurekebisha.

Baada ya hapo tukaenda Voi, watu watano na mizigo. Injini ikiwa moto, kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, geji ilionyesha zaidi ya ratili 20 kwa inchi mraba. Mafundi wana kipimo chao cha kukisia: ratili 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kwa hiyo beringi zilikuwa salama, na yule aliyetaka kutuuzia injini alitaka kula mali ya mayatima bila haki. Lakini geji ya joto ilikuwa imepita 120.

"Sasa," akasema mzee, "rejeta ya oili ina sababu ya kununuliwa."

KUHAMISHA CHUJIO

Katika Datsun hii chujio hukaa ubavuni mwa injini. Ili oili ipelekwe kwenye rejeta yake, chujio hufunguliwa na mahali pake hufungwa kichwa cha chuma chenye matundu mawili: moja la kutolea oili, moja la kuirudishia. Chujio lenyewe huhamia kwenye ukuta wa ndani wa bodi, ambako mkono wafika kwa urahisi na ambako chujio kubwa zaidi lapata nafasi.

Mzee alinionyesha mambo ambayo macho ya haraka huyapita. La kwanza ni meno ya kufungia. Vichwa vingine vina meno ya robo tatu inchi, vingine vya milimita 20. Tofauti yake haifiki hata milimita moja, na mkono wenye nguvu waweza kuvilazimisha vikashikana. Vikishikana hivyo, meno huharibika, na siku moja chujio hutoka barabarani.

La pili ni mpira wa duara wa chujio la zamani. Mara nyingi hubaki umenata kwenye injini. Ukifunga kipya juu yake, mipira inakuwa miwili, nayo haiwezi kuhimili nguvu ya oili. Mzee alipapangusa kwa kitambaa, akapapapasa kwa kidole, kisha akaniambia nami nipapase.

La tatu ni njia. Oili huingia katika chujio kupitia matundu madogo ya pembeni na kutoka kwenye tundu la katikati. Ndani mna kiwambo cha mpira kinachozuia oili kurudi nyuma injini ikizimwa. Ukigeuza mipira ya kupitishia oili, kiwambo hicho huziba njia. Kwa hiyo tuliandika kwa chaki: kutoka injini hadi chujio, kutoka chujio hadi rejeta, kutoka rejeta kurudi injini. Chujio likitangulia, uchafu haufiki kwenye vijia vyembamba vya rejeta ambavyo ni vigumu kusafishika.

Rejeta ya oili tuliifunga mbele, penye upepo, midomo yake ikitazama juu ili hewa isinaswe ndani. Chini yake tukatia vipande vya mpira kwa ajili ya mtikisiko, na mbele yake wavu wa kukinga mawe. Tulitia pia thamostati, ambayo huifungulia oili njia ya rejeta inapokaribia nyuzi 80. Oili baridi mno nayo ni nzito, na unyevu hubaki ndani yake.

MPIRA WA KUPITISHIA OILI

Hapa ndipo palipokuwa na hatari kubwa. Duka moja lilitupa mpira wa bei nafuu, mweusi na mnene, unaopendeza kwa macho. Mzee aliusoma maandishi yake, akaukunja, akaurudisha. Ulikuwa mpira wa maji. Injini ikiwashwa baridi, nguvu ya oili yaweza kupita ratili 60, na oili ya moto hulainisha mpira usio wake. Ukipasuka, oili yote humwagika kwa muda mfupi sana, na injini huungua kabla dereva hajapata pa kuegesha.

"Zamani gari hili lilikuwa na mahali pamoja pa kuvujia," alisema. "Leo tumeliongezea viungo vinane. Kila kiungo ni mlango, na kila mlango wataka bawabu."

Tukanunua mipira ya oili yenye viungo vya kukaza kwa spana. Tukaipitisha mbali na ekzosi na usukani, na kila ilipogusa bati tukaifunga kwa mpira mwingine isikwaruzike.

Kabla ya kuwasha, tulijaza chujio oili na kuongeza ya kutosha kwenye injini, kwa kuwa mipira na rejeta hunywa sehemu yao. Kisha mzee akachomoa waya wa koili, tukazungusha stata bila injini kuwaka hadi geji ikapanda. Tukarudisha waya, tukawasha, tukazima, tukapima oili tena na kukagua kila kiungo. Baada ya kilomita 50 tukakagua mara ya pili.

Safari iliyofuata ya Voi, kwa mzigo ule ule, joto halikupita nyuzi 105. Lakini mzee hakuniacha nijidanganye. Rejeta ya oili yataka upepo, na nyuma ya matarumbeta hakuna upepo. Faida yake ni kwamba gari huingia mjini oili ikiwa haijachoka. Hata hivyo, nikitoka mbali husimama kivulini dakika chache, injini ikiunguruma polepole, kabla ya kwenda kumchukua bibi harusi.

Msomaji mwenye gari la kwenda sokoni na msikitini tu, ambalo geji yake haipiti nyuzi 110, hana haja ya gharama hii. Kwake itakuwa pambo, tena pambo lenye milango minane ya kuvujia. Aweke fedha zake katika oili nzuri na chujio jipya kwa wakati wake. Ama mwenye kupanda milima na mizigo, na apime kwanza, kisha asione uchungu wa bei ya mpira wa haki.

Mama mdogo nilimpelekea hesabu yote kwa maandishi, pamoja na risiti. Chini ya injini nimeweka kadibodi nyeupe, na kila nitokapo msikitini alfajiri huitazama kabla sijanywa chai. Tone moja jeusi likionekana juu yake, gari halitoki siku hiyo, hata kama harusi ni ya nani.