Kamari Iliyovaa Jezi

Zamani hapa kwetu pwani mcheza kamari hakuwa na heshima barazani. Karata alizicheza uchochoroni, kwa kujificha, na habari zake zikijulikana hata posa yake huenda ikarudishwa. Si ajabu, kwani Sura ya Al-Maida imeitaja kamari sambamba na ulevi. Bara nako walimjua mtu wa pata-potea, yule wa karata tatu ambaye akimwona askari hukunja meza akatoka mbio.

Basi twende bara, ndugu msomaji, hadi Kiandutu, mtaa wa mabanda kando ya mji wa Thika. Jina hilo ni la Kikikuyu, maana yake mahali pa funza. Wengi huko huishi kwa vibarua. Mwenye shilingi 500 jioni amekwisha kuzigawa kichwani: unga, makaa, kodi ya chumba. Kamari ya zamani ilimtaka atoke akaonekane na watu. Hii ya leo imo mfukoni mwake, katika simu ile ile anayopokelea ujira. M-Pesa ilianza mwaka 2007, SportPesa ikafuata 2014.

Na jina nalo likabadilika. Mtu hachezi kamari tena, ati "anabeti". Kampuni ilizidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, na mwaka 2017 jina lake likakaa kifuani mwa Everton ya Uingereza. Mwaka huo Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, na Wayne Rooney akafunga bao. Nani angalithubutu kukiita haramu kitu kilichomleta Rooney? Aliyeshinda mamilioni alipigwa picha na hundi kubwa kama mlango. Walioliwa hawakupigwa picha.

Sifa hiyo haikudumu. Julai 2019 Everton ilishindwa kwa penalti na Kariobangi Sharks pale Kasarani, na mwezi huo huo serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa, SportPesa ikiwemo. Ilifunga shughuli zake nchini, ikarudi mwaka 2020. Kisha ukavuma Aviator, mchezo wa kindege kinachopaa: usipotoa fedha kabla hakijatoweka, zimekwenda. Mpira ulikuwa na dakika 90 za kungoja, lakini huu ni wa nukta chache tu.

Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti sheria mpya ikatiwa saini. Ile ya mwaka 1966 ilitaja kubashiri, bahati nasibu na michezo. Hii mpya inaitwa waziwazi Sheria ya Kudhibiti Kamari. Naam, jina la barazani limerudi!

Lakini simu bado imo mfukoni, na simu hiyo hiyo hukopesha. Kibarua wa Kiandutu, sawa na kijana wa Kisauni, hucheza fedha ambazo hajazichuma, akiwa kitandani, taa imezimwa, na mkewe hana habari mpaka mwenye nyumba abishe hodi.